Sura ya Saba: Kuhama kwa Mikono ya Watu Wako

Mtu anayehama Bukoba au Muleba huhamishwa na watu anaowajua. Shemeji anakuja na kamba, mwenzako wa kazini anakuja na nguvu zake, kijana wa jirani anabeba godoro, na mwenye kirikuu ni mtu mliyesalimiana sokoni mara nyingi kabla ya kuanza kuongea bei. Ninaamini kuhama kwa namna hii ni bora kuliko kumkabidhi mtu baki vyombo vyako, mradi kuandaliwe vizuri. Kukiandaliwa ovyo, siku moja inatosha kuvunja vyombo na undugu pamoja.

Kwanza tuelewane ni nani anayehama. Mwenye kibanja hahami kirahisi. Kibanja ni udongo uliotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa rweya, yaani nyika ya wazi, kizazi baada ya kizazi, mpaka migomba na mibuni ikastawi pamoja. Udongo huo haupakiwi kwenye gari, wala makaburi ya wazee yaliyomo ndani yake. Ndiyo maana miaka ya 1970, operesheni ya vijiji ilipohamisha mamilioni ya Watanzania, maeneo ya migomba ya Bukoba hayakuguswa sana. Watu walikuwa tayari wanaishi karibu karibu, na mazao yao yalikuwa ya kudumu. Wanaohama leo ni wengine: mwalimu aliyepangiwa shule Kamachumu, muuguzi anayetoka Rubya kwenda mjini, mpangaji wa Kashai aliyepandishiwa kodi, kijana aliyeoa, mvuvi anayefuata dagaa visiwani, mjane anayerudi kwao. Wengi wana vyombo vya chumba kimoja hadi vitatu, na akiba isiyoruhusu kununua kabati mara mbili.

Mtu wa namna hiyo huanza kwa kutafuta gari. Mimi namshauri aanze na watu. Gari la kukodi hupatikana hata siku hiyo hiyo, lakini watu wanne wenye nguvu, wanaofika kwa wakati na wanaojali vyombo vyako, hawaokotwi barabarani. Waombe mapema, mmoja mmoja, kwa kuwafuata walipo. Ujumbe wa kundi la WhatsApp hauombi msaada, unatangaza tu, na kila anayeusoma hudhani mwingine ataitika. Angalia pia siku. Jumapili asubuhi Wakatoliki na Walutheri wako kanisani, Jumamosi Wasabato hawafanyi kazi, Ijumaa mchana Waislamu wana swala, na kukitokea msiba kijijini hakuna atakayekuja kwako, na haki iwe hivyo. Weka siku ya pili ya akiba na uwaambie tangu mwanzo.

Halafu wagawe. Mmoja abaki nyumba ya zamani akitoa vitu, mmoja asimame garini akipanga, wawili wabebe, na mtu mmoja mwenye sauti inayosikilizwa awe tayari nyumba mpya akielekeza kila kitu kinapokwenda. Mara nyingi mtu huyo wa mwisho anafaa kuwa mama au shangazi. Hawezi kubeba kabati, lakini anajua jikoni ni wapi na hatakubali magunia yarundikwe mlangoni. Wazee na watoto wadogo wapelekwe kwa jirani tangu asubuhi. Mtoto anayekimbia katikati ya watu wawili waliobeba friji ni hatari kubwa kuliko mvua.

Kuna jambo nataka kulisema waziwazi kuhusu malipo. Ndugu na jirani hulipwa kwa chakula, kwa heshima, na kwa wewe kwenda kwao siku yao ikifika. Lakini kijana anayekula kwa kubeba mizigo halishi familia kwa shukrani. Yeye apatane nawe bei kabla ya kushika chochote, na alipwe siku hiyo hiyo. Dada wa kazi naye asifanywe mpagazi wa bure kwa sababu tu analala kwako. Ana kazi yake ya kila siku, na siku ya kuhama inamwongezea nyingine nzito zaidi. Mpe chake.

Chakula kipikwe jana yake au kipikwe kwa jirani, kwa maana jiko lako litakuwa limeshafungwa. Ndizi na maharage vinatosha, na sato akipatikana ni heshima zaidi. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, isubiri mpaka chombo cha mwisho kishuke.

Sasa mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ni kati ya miji inayonyeshewa sana Tanzania. Aprili ndio mwezi mzito kuliko yote, na mvua nyingine hushika Oktoba hadi Desemba, majira yale yale senene wanapoanguka. Juni hadi Agosti ndiyo nafasi ya anayehama, hasa Julai. Lakini mwalimu hachagui mwezi wa uhamisho wala mpangaji hachagui kodi yake iishe lini, kwa hiyo jifunze saa za mvua pia. Usiku mawingu hujijenga juu ya ziwa, kisha upepo wa mashariki huyasukuma kuja pwani yetu, na mvua hupiga alfajiri na asubuhi. Mgeni aliyezoea kwamba mvua ni ya jioni hushangaa. Katika miezi ya mvua usipakie saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu tu umeambiwa kuamka mapema ni vizuri. Tumia saa hizo kufunga vitu ndani, subiri anga lifunguke, pakia saa nne au saa tano, na hakikisha umeshusha kabla ya giza. Turubai liwepo hata kama jua linawaka.

Gari lichaguliwe kwa njia, siyo kwa wingi wa vyombo peke yake. Kwa kuhama kutoka Hamugembe kwenda Kibeta, kirikuu au guta linatosha, hata likienda mara mbili. Kutoka Muleba mjini hadi Bukoba ni kama kilomita 70 za lami, na hapo Canter moja iliyojaa vizuri ni nafuu kuliko kirikuu kinachorudi tena na tena. Ukiwa Kamachumu au vijiji vya juu, kumbuka gari litapanda na kushuka milima kwa njia ya Muhutwe. Breki za gari ni jambo la kuuliza kabla ya bei. Uliza pia kama lipo gari linalorudi tupu. Malori yanapeleka na kuleta mizigo kila siku kati ya Bukoba, Kemondo na Muleba, na dereva ambaye angerudi bila kitu husikiliza bei ambayo dereva wa kukodi hatasikiliza. Mpatane kila kitu mapema: mafuta ni ya nani, utingo analipwa na nani, na kama gari litasubiri mkishusha.

Kabla ya siku yenyewe nenda kwa miguu nyumba mpya, upime. Milango mingi ya nyumba za kupanga mjini ni myembamba kuliko kochi lako. Pale nyumba zilipopanda mlimani gari huishia barabarani, na kinachobaki ni ngazi za udongo ambazo mvua ya asubuhi huzifanya zisikanyagike. Ukijua hivyo mapema utakuja na jembe la kuchonga ngazi na watu wawili wa ziada. Ukijua ukiwa na kabati mkononi, umechelewa.

Kufunga vyombo ndiko kunakookoa pesa nyingi kuliko yote, na vifaa vyake vimetuzunguka. Huna haja ya kununua maboksi na plastiki za mapovu. Maganda makavu ya mgomba ni laini na hayana bei. Zungushia sahani moja moja, uzisimamishe kwa ubavu ndani ya ndoo au beseni, kwa kuwa sahani iliyolala huvunjwa na uzito wa zilizo juu yake. Glasi ziingie ndani ya soksi na vitenge. Nguo hazihitaji begi lake peke yake, zitumie kuzungushia kioo, redio na saa ya ukutani. Simtanki tupu ni boksi kubwa ambalo tayari unalo, lijaze mito na mablanketi, usiweke kizito. Mabegi ya shangazi kaja na salfeti yanafaa kwa nguo zilizobaki na viatu, lakini yasijazwe mpaka yahitaji watu watatu. Kipimo changu ni rahisi: mtu mmoja akishindwa kulitembeza kutoka chumbani mpaka nje bila kupumzika, lipunguze. Vitabu ndivyo vinavyodanganya zaidi, maana begi dogo la vitabu huumiza mgongo kuliko meza.

Kitanda kifunguliwe, kisilazimishwe mlangoni. Kabla ya kufungua piga picha kwa simu kila kiungo kilivyo. Boliti na nati zote zitie kwenye soksi moja na uifunge kwa kamba kwenye ubao wa kichwani, isiende mfukoni mwa mtu yeyote, hata mwaminifu. Kabati la vyombo litolewe vioo na rafu, vioo viwekwe katikati ya magodoro mawili. Friji izimwe jana yake, barafu iyeyuke yote, ikaushwe, na isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hutoka mahali pake, na ukiiwasha mara tu ulipofika unaweza kuiua. Iliyolazwa isimame hadi kesho yake ndipo iguse umeme. Mtungi wa gesi ufungwe, regileta itolewe, usimame wima nyuma ya gari palipo wazi, kamwe usiingie kwenye gari lililofungwa pamoja na watu. Betri ya sola isimame wima nayo, mbali na nguo, kwa maana tindikali yake hutoboa. Mafuta ya taa na mkaa visikae karibu na unga.

Kupakia kuna kanuni moja: kitakachohitajika kwanza kiingie mwisho. Vizito viende mbele karibu na kabini na chini, virefu visimame pembeni, magodoro yakinge vyenye vioo, vyepesi viwe juu. Kila tabaka lifungwe kwa kamba kabla ya kuanza jingine. Asipande mtu juu ya mzigo. Ni kosa la barabarani, na barabara yenye kona na miteremko haimsamehi aliyekaa juu ya kabati. Wabebaji wapande Hiace au mchomoko, na nauli ni yako.

Mzigo wa mwisho kuingia ni wa usiku wa kwanza: chandarua, mashuka, taa, kiberiti, jiko, sufuria moja, ndoo, sabuni, maji ya kunywa, unga. Kuna vitu ambavyo havipandi garini kabisa, unavibeba wewe mwilini. Vyeti, hati, kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya CTC (kliniki ya virusi vya UKIMWI) na dawa za kila siku. Anayetumia dawa za kufubaza virusi, za kisukari au za presha apitie kituo chake kabla ya kuhama, aombe barua ya uhamisho na dawa za kumtosha mpaka atakapopokelewa kwingine. Meza ikichelewa siku tatu hakuna atakayeumia, dawa ndizo zisizosubiri.

Kuhusu chandarua nasisitiza kwa sababu ya mahali tulipo. Muleba ni wilaya iliyoteswa sana na malaria, na ni humo ulimofanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, ulioonyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kiambata cha PBO vinakinga watoto vizuri zaidi kuliko vyandarua vya kawaida, kwa kuwa mbu wamezoea dawa ya zamani. Shirika la Afya Duniani lilitumia matokeo hayo kushauri nchi nyingine. Familia inayohama Muleba na kulala usiku wa kwanza sakafuni bila chandarua, eti kimefukiwa chini ya magunia, inadharau elimu iliyotoka kwake yenyewe. Misumari minne na kamba viwe mfukoni. Chandarua kining'inizwe kabla ya kitanda kufungwa.

Wanaohama shamba hadi shamba wana mzigo ambao wa mjini hawaujui: mbegu. Kila mmoja hutamani kwenda na machipukizi ya mgomba wa mama yake. Natamani niseme chukua, lakini siwezi. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba ulibainika kwa mara ya kwanza nchini, na ni hapa Muleba ulikobainika. Tangu hapo umemaliza vibanja vingi vya Kagera. Ugonjwa huu husafiri kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume la mgomba, kwa panga na jembe, na kwa machipukizi yanayoonekana mazima huku bakteria wako ndani. Majani hunyauka na kuwa njano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata ndani unaona kahawia na utomvu wa njano. Ukiona hata mgomba mmoja wa namna hiyo shambani unakotoka, usibebe chipukizi lolote. Tafuta mbegu safi kwa bwana shamba au ulizia kituo cha utafiti cha TARI Maruku. Jembe na panga viende vikiwa vimesafishwa udongo wote, kisha vipitishwe kwenye moto au viloweshwe kwenye maji yenye jiki. Miche ya mihogo nayo ichunguzwe, batobato na michirizi kahawia husafiri ndani ya vipande vya shina. Anayehamisha ugonjwa hajiumizi yeye peke yake, anaharibia kijiji kilichompokea.

Kwa wanaokwenda Bumbire, Goziba au Ikuza, gari huishia mwaloni. Mtumbwi haupangwi kama lori. Vizito viwekwe katikati na chini kabisa, hakuna kinachorundikwa juu ya kingo, na kila kisichotakiwa kulowa kifungwe kwenye plastiki mbili. Chagua nahodha kwa kuwauliza wavuvi wengine, na akikwambia leo ziwa si zuri, mshukuru na urudi. Watu wote wavae makoti okozi, watoto kwanza. Vyombo na watu wakizidi uwezo wa mtumbwi, gawanya safari. Mkoa huu unajua uzito wa neno kuzidi tangu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka ikikaribia Mwanza ikiwa imezidisha watu, na mamia wakafa, wengi wao wa kwetu. Usimwombe nahodha aongeze gunia moja zaidi ili kupunguza gharama.

Nyumba mpya ikaguliwe kabla ya kutoa kodi, siyo baada ya kushusha vyombo. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu 17, likaangusha maelfu ya nyumba, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa jinsi zilivyoharibika. Familia nyingi zililala nje kwa muda mrefu. Nyumba nyingine zilizibwa nyufa kwa saruji na rangi, na zinapangishwa mpaka leo. Angalia pembe za madirisha na milango: ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ni habari tofauti na ufa mwembamba wa lipu. Gonga ukuta. Uliza kama nyumba ina linta iliyozunguka kuta zote. Usiweke kabati refu pembeni ya kitanda cha mtoto bila kulifunga ukutani.

Mita ya LUKU nayo iangaliwe kwa kuingiza umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba, ili kama ina deni la zamani lijulikane ni la nani. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo unaponunua umeme, na kisheria ni mzigo wa mwenye jengo. Mwafikiane itarudishwaje kwenye kodi yako, na muiandike kwenye mkataba.

Liko jambo la karatasi linalowasumbua watu kwa sababu ni dogo. Kabla ya kuondoka chukua barua kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji inayosema wewe ni nani, unahama kutoka wapi kwenda wapi na lini. Gari lililojaa vitanda na televisheni husimamishwa barabarani, hasa jioni, na askari ana haki ya kuuliza vyombo ni vya nani. Barua hiyo pia ndiyo inayokufungulia mlango kule uendako. Ipeleke kwa mwenyekiti mpya ndani ya siku zako za kwanza, andikisha watoto shule, jiandikishe kituo cha afya, jua balozi wako ni nani, na uingie kwenye kikundi cha kuzikana kabla hujakihitaji. Kisha wasalimie majirani nyumba kwa nyumba, kwa kahawa ya kutafuna kama unayo, na uwaambie jina lako na unakotoka. Hao ndio utakaowaomba mikono siku utakayohama tena, na wewe uende kwao watakapohama wao.